Fundi akisema vunja bafu lote, mpe maji anywe kwanza

Mwaka jana mwezi wa tano dada yangu alipiga simu kutoka Dar, anakuja na wanawe kwenye unyago wa binti wa mjomba, na kabla hata sijamuuliza wanafika lini akauliza, lile bafu bado liko vilevile? Nikacheka tu. Bafu la nyumba ya wazazi wetu hapa Chikongola, Mtwara, ni la mwaka 94, vitaili vya bluu mpaka usawa wa kifua, sinki la pinki, huko juu rangi ya mafuta inabanduka yenyewe, na kuna harufu fulani ambayo sisi wa humu ndani tulishaizoea ila mgeni akiingia haimbi.

Nikaita fundi. Akasimama mlangoni, hata hakuingia, "bro hili ni la kuvunja tu". Akapiga hesabu pale pale, taili mpya chini mpaka juu, choo kipya, sinki jipya, dirisha la aluminiamu, ikafika milioni moja na laki nane. Mimi nilikuwa na laki mbili na nusu na minada ya korosho ni mpaka Oktoba huko, unyago haunisubiri.

Sasa mi nasema hivi, na mafundi watanichukia: bafu nyingi za zamani huku kwetu hazina tatizo la taili. Chukua sarafu, gonga moja moja, ikilia kama kitu kitupu imeachia ukuta, hiyo toa. Ikilia ngumu iache bana, imekaa miaka thelathini, wewe ni nani uibomoe? Na zile zetu zilisota. Mzee alizitoa Dar enzi hizo Rufiji haina daraja, Daraja la Mkapa limekuja kufunguliwa 2003, kabla ya hapo gari linapanga foleni ya kivuko pale Ndundu, mama anasema zilitumia siku nne njiani afu zikavunjika mbili tu. Hata leo viwanda vya taili viko Mkuranga na Chalinze huko, simenti tunayo mlangoni lakini taili unalipia na barabara.

Kilichokuwa kinalifanya bafu letu lionekane chafu ni grauti, ile inayojazwa kwenye mistari kati ya taili na taili. Mistari ilikuwa myeusi, mingine imeliwa kabisa, maana miaka yote tulikuwa tunamwaga ile asidi ya kuoshea choo ukutani tukidhani tunasafisha kumbe grauti ni simenti, asidi inaila. (Na kuna watu wanaichanganya na jiki ili iwe kali zaidi. Usithubutu, inatoa gesi ya klorini, utatolewa bafuni umebebwa.) Nikachukua kipande cha msumeno wa chuma nikakwangua mistari yote, siku mbili, mikono imeota malengelenge, nikafuta vumbi nikajaza grauti mpya ya kijivu, nyeupe sitaki, baada ya mwezi itakuwa kahawia tu. Nikaacha siku nzima bila mtu kuoga, watoto wakaoga uani, wakafurahi kweli. Nilivyorudi kuangalia nikajua laki nane ya taili nimeiokoa, yani ule ubluu ulitokea kama ndo umebandikwa jana.

Harufu nayo nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya, nikadhani shimo limejaa. Nikafungua kile kichujio cha chini maji yanapotokea, kumbe ndani hakina kikombe. Kile kikombe kinachofunika bomba ndo kinafanya maji yatuame kidogo, na hayo maji yaliyotuama ndo yanazuia hewa ya shimo isipande. Mtu alikitoa miaka hiyo ili maji yaende haraka, namshuku marehemu babu mdogo. Kipya elfu nane! Miaka yote tunachoma udi kwa kitu cha elfu nane.

Choo kilikuwa kinavuja tenki, nikakijua kwa bluu ya kufulia, unaweka kidogo kwenye tenki jioni usiflashi, ukirudi baada ya nusu saa ukakuta bakuli la bluu ujue wasta, ule mpira unaozuia maji ya tenki, imechoka. Nikabadilisha wasta basi.

Koki ndo sehemu pekee ninayosema usibane hela. Hapa bahari iko pua na mdomo, chumvi inakula kila kitu, zile zinazong'aa za elfu sita baada ya miezi minne tu zinatoa magamba. Dukani chungulia kwenye meno ya ndani, ukiona njano ni shaba, nunua hiyo hata kama inauma. Nilinunua mbili. Kichwa cha shawa sikununua, nilikifunga usiku kucha kwenye mfuko wenye siki, asubuhi ule ukoko mweupe ukatoka kwa mswaki.

Dirisha tuligombana na fundi hasa. Yeye anataka slaidi ya aluminiamu, ya kisasa. Slaidi inafunguka nusu tu, luva yetu ya zamani, ile ya vioo vya kupangana, inafunguka yote, na bafu la Mtwara bila upepo ni shamba la ukungu. Nikabadilisha vioo vitatu vilivyokuwa vimevunjika, nikaongeza na wavu. Rangi ya juu nilipaka mwezi wa sita kusi inavuma na ukuta umekauka vizuri, maana tatizo la ile ya mwanzo ni kwamba ilipakwa Februari na mvua zake, imefungia unyevu ndani.

Jumla laki mbili na elfu kumi na tano, na humo nimemlipa yule yule fundi siku moja ya kufunga koki, akanuna lakini akafunga vizuri.

Dada alifika na mabegi yake, akaingia kuoga, akakaa sana, akatoka anauliza taulo liko wapi. Sinki la pinki halisemi chochote lakini kila mgeni analipiga picha. Mlango ndo bado, ni wa mbao, mvua zikianza Desemba unavimba haufungi mpaka uubebe kidogo na mguu, kwa hiyo anayeoga huwa anaimba ili watu wajue kuna mtu.