Wayahudi wa Mbale: Kujitenga au Kuchangamana?

Aprili 11, 1979, wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliiteka Kampala. Jioni hiyo ndiyo Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya, yaani Wayahudi wenyeji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, hayo mawili hayatenganishiki. Idi Amin, aliyeangushwa siku hiyo, alikuwa amepiga marufuku ibada yao, sinagogi zikafungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na jamii ya watu elfu kadhaa ikasalia mia chache.

Nafasi ya Uyahudi katika jamii yenye dini nyingi hujadiliwa zaidi kwa kutazama miji ya Ulaya na Marekani. Mimi naona Mbale inatufundisha zaidi, maana pale Myahudi na jirani yake ni watu wa lugha moja, wanaolima mlima mmoja.

Wenye shaka kama Myahudi anaweza kuchangamana na wengine wana hoja, na si chuki. Uyahudi ni dini ya mipaka: nyama ina masharti yake, Jumamosi kazi husimama, ndoa hutazamiwa ndani. Kwa Wagisu, kabila la eneo hilo, mvulana hutahiriwa akiwa kijana katika imbalu, sherehe yao ya tohara, amepakwa unga mwilini, amesimama wima mbele ya ukoo mzima bila kupepesa jicho. Mtoto wa Kiyahudi hutahiriwa siku ya nane, kama Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, alivyoagiza alipoanzisha imani hiyo mwaka 1919. Rika lake likisimama uwanjani, yeye hana zamu. Pengo hilo ni la kweli, na sipendi linapopuuzwa.

Lakini mipaka hiyo haikuwafungia ndani. Mwaka 2004 J.J. Keki, Myahudi aliyeshuhudia kwa macho yake shambulio la New York la Septemba 11, 2001, aliwakusanya wakulima wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu katika ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Hakuna aliyeambiwa abadili dini ili buni yake ipokewe. Shule zao nazo husomesha watoto wa dini zote tatu. Na mwaka 2016 rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo Wayahudi ni wachache mno kumpa mtu ushindi. Waliompigia kura walijua fika kwamba Jumamosi yuko sinagogi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utegemezi. Mengi yamejengwa kwa michango ya Wayahudi wa Marekani, na jamii inayongoja mkono wa mbali huweza kumsahau wa karibu. Isitoshe, hata huko mbali hawakubaliki kote. Mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilimkatalia mmoja wao haki ya kuhamia huko kama Myahudi. Majirani zao wa Mbale, wanaowaona wakifunga kazi kila Ijumaa jua likizama, hawajawahi kuwauliza hati.