Kitimoto ya Saa Moja Asubuhi

Kabla hamjaendelea kusambaza ile video, nisikilizeni na mimi mwenye suti. Najua imeshafika kwenye kundi la ukoo na la tuliosoma wote, na juzi shangazi wa Arusha kanitumia picha ya mti wa Krismasi, bila hata salamu. Aliyerekodi ni mwenzangu niliyesafiri naye. Nitamwita Kipaza, maana ndiyo kazi anayoiweza. Kwa maelezo yake nilikunywa glasi nne. Zilikuwa mbili.

Tulikuwa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, mwezi Desemba, kwenye semina ya ufugaji wa samaki. Mji ule kuanzia tarehe 27 Novemba hadi 15 Januari jua halichomozi. Si kwamba kuna mawingu, jamani. Halipo. Uko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa mstari wa Aktiki, na miezi hiyo dunia huwa imelipa jua kisogo upande huo. Mchana unapita mwanga wa bluu kwa muda mfupi, kisha giza linarudi kazini. Baridi wala si ile niliyotishiwa, kwa sababu kuna mkondo wa maji ya vuguvugu baharini. Siku tuliyofika ilikuwa hasi nne. Kwa baridi nilikuwa nimejipanga, nina soksi za sufu jozi sita. Kwa giza mtu anajipangaje? Nimezaliwa Moshi. Giza nalijua, linaingia jioni, na asubuhi linaondoka bila kufukuzwa.

Tulitua mchana, macho mekundu, baada ya kulala kwenye viti vya viwanja vitatu vya ndege. Saa nane mchana nikajitupa kitandani nikasema nusu saa tu.

Nikaamka. Simu inasema 6:40. Namba tupu, bila AM wala PM, ndivyo nilivyoiweka tangu nainunua, na hadi siku ile haikuwahi kuniletea shida. Nikafungua pazia. Giza, theluji, taa za lile daraja refu, na ng'ambo yake lile kanisa jeupe la pembetatu linawaka taa, vilevile nilivyoliacha wakati nalala. Moyo ukaniruka. Nimelala mpaka asubuhi! Semina inaanza saa mbili na nusu!

Na hapa, wakuu, naomba mnionee huruma kidogo. Saa yetu imejengwa juu ya jua. Likichomoza tunaanza moja, likizama tunaanza moja tena, na hakuna mtu amewahi kuchanganya hizo moja mbili kwa sababu ukitoa kichwa nje unaona. Wazee walioanzisha hesabu hiyo hawakuwaza kwamba mjukuu wao angepelekwa kwenye mji ambao jua limekwenda likizo ya wiki saba.

Nikaoga. Nikavaa suti, tai, na beji ya semina shingoni. Ndani nimevaa ile suruali ya kubana ya baridi, kumbe hoteli zao zina joto kama tanuri la mkate. Nikabeba na faili. Dada wa mapokezi nikamuuliza chakula kinaliwa wapi. Akanyoosha mkono kulia. Nikaenda kushoto, harufu ilikuwa inatokea huko.

Sasa tulieni, hapa ndipo penyewe.

Nafungua mlango, nakuta ukumbi una watu kama arobaini. Mishumaa kila meza. Wanaume suti, wanawake magauni yanayometameta, wengine wana kofia nyekundu za Krismasi. Kichwani nikajiambia: watu hawa wanaheshimu asubuhi. Mishumaa haikunishtua, tulishaambiwa kwamba wakati wa giza wanawasha mishumaa mpaka madirishani. Kwenye ndege nilikuwa nimejifunza neno moja tu la Kinorwe, nikaona huu ndio muda wake. Nikasimama mlangoni, faili kwapani, nikasema kwa sauti ya kanisani:

"God morgen!"

Kimya. Halafu meza ya kwanza wakaitikia "God morgen!" na kucheka, ya pili nayo, mpaka ukumbi mzima. Nikasema moyoni, ama kweli nimepokelewa.

Nikachukua sahani. Cha kwanza kwenye meza ya chakula: mbavu za kitimoto, ngozi imekaushwa inalia kaukau. Kitimoto, saa moja asubuhi! Mtoto wa Moshi nitaikataaje? Nikaweka vipande vinne. Pembeni kulikuwa na kitu cheupe cha mchele chenye mchuzi mwekundu juu. Nikakijua ni uji. Ulikuwa wa baridi na mtamu, nikajua hawajui kuupika, nikawasamehe.

Nikakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi. Mzee mwenye kofia nyekundu akanisukumia kiglasi chenye kimiminika cha rangi ya dhahabu. Hapo elimu ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimesoma kwamba Wanorwe wakati wa giza, kwa kuwa jua hakuna, wanameza mafuta ya ini la samaki asubuhi wapate vitamini D. Mimi ni mtu wa samaki, kweli nisimeze? Nikaziba pua kwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa na mama enzi za dawa ya minyoo, nikafumba macho, nikatupia yote kwa mkupuo.

Ilikuwa gongo. Gongo iliyopikwa kwa kiungo cha kisibiti. Ilishuka inawasha taa chumba kwa chumba. Nilipofumbua macho meza nzima imeinua glasi, wanapiga kelele "Skål!", na yule mzee ananitazama kama mwanawe aliyerudi. Nikamwambia ni mafuta mazuri. Akanijazia tena. Ndiyo ya pili. Andikeni hapo: ya pili, na ya mwisho.

Mama mmoja aliyeonekana ndiye bosi akaniuliza natoka idara gani. Nikajibu kwa Kiingereza: samaki, Tanzania. Akacheka hadi akashika meza, akanipa kipaza sauti. Jamani, mnanijua. Mimi na kipaza sauti. Nikasimama, jasho linatiririka ndani ya ile suruali, nikawashukuru kwa kifungua kinywa. Nikasema kwetu asubuhi ni chai na kipande cha muhogo, na sijawahi kuona taifa linaloianza siku kwa ujasiri namna hii, na sasa naelewa kwa nini wameendelea.

Watu walilia. Yupo aliyeweka kichwa kwenye sahani. Nikajiona nina kipaji.

Simu ikaita. Mama, kutoka Moshi. Nikapokea hapohapo, kipaza sauti mkono mwingine.

"Shikamoo mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Saa ngapi huko?"

"Moja na dakika ishirini."

"Sawa. Huku tatu na ishirini."

Mnaona? Tofauti ya saa mbili, hesabu imekubali. Hakuna aliyedanganya.

"Ndo nakunywa chai hapa mama, halafu niende semina."

"Chai, halafu semina? Baba, mimi nimeshafunga milango, nilikuwa nakuaga nilale. Taarifa ya habari imeisha muda mrefu."

Kuna aina ya kimya kinachotokea ndani ya mtu. Nikatazama mishumaa. Nikatazama magauni. Nikaitazama keki yenye jina la kampuni ambayo si semina yetu. Nikalitazama bango lenye neno "Julebord", ambalo nilipoingia nililisoma nikaamua maana yake ni karibuni chai, kumbe ni karamu ya Krismasi. Kipande cha kitimoto bado kilikuwa kwenye uma wangu, kimeinuliwa nusu njia, nami sikujua nikipeleke mdomoni au nikirudishe. Na mlangoni, kwa suruali ya mazoezi na kandambili, Kipaza, aliyekuja kunitafuta twende kula chakula cha jioni, simu kaishika juu kwa mikono miwili.

"Mwanangu," mama anauliza, "huko kuna jua?"

Yaliyofuata ni machache. Niliomba radhi, wakakataa niondoke, yule mzee akanivalisha kofia yake, nikala ule uji ambao si uji, nikapanda chumbani. Video ilifika Dar kabla sijavua tai.

Asubuhi yenyewe nikaamka, simu inasema 7:05. Nikacheka. Nikaiambia hunipati tena, nikageukia ukutani.

Baadaye mlango ukagongwa kwa fujo. "Saa tatu hii!" Kipaza anapiga kelele. "Semina imeanza!"

"Saa tatu ya asubuhi au ya usiku?"

"Chungulia dirishani uone!"

Nikachungulia. Giza, theluji, daraja, kanisa linawaka taa. Nikarudi kulala.