Kabla Gates hajaacha chuo, kina mama waliuza vikorokoro

Kila msimu wa mahafali naisubiri ile hadithi, na haijawahi kukosekana. "Bill Gates aliacha chuo!" Mgeni rasmi anatamka, ukumbi unalipuka vigelegele, na wazazi waliouza ng'ombe kulipa ada wanatazamana.

Ni kweli, mwanzilishi huyo wa Microsoft aliacha Chuo Kikuu cha Harvard. Ila wanaianzia katikati. Mimi ningeianzia mwaka 1968, Seattle, Marekani, kwenye shule ya binafsi iitwayo Lakeside. Chama cha kina mama wa wanafunzi kilikuwa kikiuza vitu vilivyotumika ili kuichangia shule, na mwaka ule fedha zao zikalipia teletaipu na muda wa kutumia kompyuta. Teletaipu haina skrini. Unabonyeza herufi, inazigonga kwenye karatasi kwa kelele, na maneno yako yanapita kwenye waya wa simu hadi kwenye kompyuta kubwa iliyoko kwingine, ambayo inakutoza kwa muda uliotumia. Gates na Paul Allen, aliyemtangulia madarasa mawili, waliimaliza bajeti ya kina mama mapema tu. Baadaye kampuni moja ya pale mjini ikawaachia watumie mashine yake bure, mradi waitafutie kasoro. Watoto wanalipwa muda wa kompyuta kwa kuivuruga! Nani asingejifunza?

Sasa ndiyo tufike Januari 1975. Toleo la mwezi huo la jarida la Popular Electronics lina picha ya Altair 8800, kompyuta ya kujiundia mwenyewe ya dola 397. Kumbukumbu yake baiti 256, kama herufi 256 hivi. Salamu za Idi za shangazi yangu kwenye WhatsApp zisingeenea humo. Mbele ina swichi na vitaa, basi. Gates na Allen wakamwambia mwenye kampuni iliyoitengeneza, Ed Roberts, kwamba wanayo BASIC, lugha ya kuandikia programu, inayofanya kazi kwenye mashine yake. Hawakuwa nayo. Wakajifungia Harvard na kuiandika kwenye kompyuta nyingine, PDP-10, waliyoifundisha kujifanya Altair. Mwanafunzi mwingine wa Harvard, Monte Davidoff, akawaandikia sehemu ya hesabu za desimali. Huyu hata kwenye mahafali hatajwi.

Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque, mji wenye kampuni ya Roberts. Angani akakumbuka kwamba wamesahau kitu: programu ndogo ya kuiwezesha mashine kusoma mkanda wa karatasi wenye kazi yao. Akaiandika palepale kwenye kiti, kabla ndege haijatua. Alipofika akaiuliza Altair, mashine ambayo hajawahi kuigusa, 2+2 ni ngapi. Ikachapa 4.

Wahamasishaji wanaita hicho kipaji. Kipaji kilikuwepo, sibishi. Lakini huandiki kitu kama kile angani kama hukuanza kushinda na kompyuta tangu ukiwa shule. Hata ile hadithi kwamba Apple ilizaliwa gerejini imetiwa chumvi: Steve Wozniak mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wake, amesema usanifu haukufanyika gerejini. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya Hewlett-Packard, mwenye dawati, vifaa na mshahara. Haya hayapigiwi vigelegele.

Shuleni kwetu kompyuta zilikuwa sita, zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni, na ufunguo wa chumba ulikaa mfukoni mwa mkubwa mmoja aliyeogopa tutaziharibu. Somo tulilipata kwa chaki. Mwalimu alichora kibodi ubaoni, nasi tukainakili kwenye madaftari huku tukibishana Q inakaa upande gani. Jirani yangu bwenini akaichora upya kwenye boksi la sabuni, ukubwa halisi, na taa zikizimwa alikuwa anafanya mazoezi ya kuchapa juu yake, vidole vyote kumi, kwa mwanga wa tochi.