Flashi ya Kilombero na saini ya mtu usiyemjua

Kila toleo jipya la programu huria ya usimbaji fiche likitoka, mafundi wa kompyuta wa hapa Arusha tunarudia ubishi ule ule. Wapo wanaosema pakua, sakinisha, endelea na kazi. Wapo wanaosema hakiki kwanza saini, yaani muhuri wa kidijitali wa aliyetoa faili, na ukiweza chukua msimbo, yale maandishi ya programu, uujenge mwenyewe uwe programu. Hawa wa pili wanaitwa wajuaji, na tangu Machi 2024 wanachekwa zaidi, kwa sababu ya kisa cha xz.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Mtu aliyejiita Jia Tan alichangia mradi wa xz, programu huria ya kubana mafaili, kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akawa mtoaji wa matoleo, kisha akapenyeza mlango wa uani, njia ya siri ya kuingilia, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, alenge seva kupitia OpenSSH, programu ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali. Matoleo yote mawili yalikuwa na saini halali: yake mwenyewe. Aliyehakiki aliambiwa saini iko sawa, na kweli ilikuwa sawa. Aliyemuumbua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwenye mashine yake kunachukua sekunde 0.8 badala ya 0.3, jambo likamkera akalichimba mpaka mwisho.

"Sasa hiyo saini yenu ilisaidia nini?" aliniuliza rafiki yangu mwenye duka la kompyuta karibu na soko la Kilombero.

Swali lake ni la haki. Saini inakwambia nani katoa faili, haikwambii ana nia gani. Lakini kuna sehemu ya kisa hicho ambayo wanaocheka huiruka. Kipande kilichouamsha mlango ule, faili dogo liitwalo build-to-host.m4, hakikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo kila mtu anaisoma. Kiliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu. Aliyejenga moja kwa moja kutoka hazina hakuamsha kitu. Aliyelinganisha kifurushi na hazina, faili kwa faili, angekutana na mgeni asiye na maelezo. Tatizo ni kwamba karibu hakuna aliyelinganisha. Kwa hiyo mimi sioni xz kama kesi dhidi ya wajuaji. Naona walikuwa wachache mno.

Hata hivyo upande wa pili una hoja, nami nina kovu la kuithibitisha. Niliwahi kujenga OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche inayotumiwa na seva nyingi, kwa mkono kwenye seva ya ushirika mmoja mjini Moshi, nikaiweka kwenye /usr/local, mahali ambapo masasisho ya mfumo hayafiki, nikajiona bingwa. Aprili 2014 Heartbleed, tundu la usalama ndani ya OpenSSL, ikatangazwa. Seva zilizotumia vifurushi vya kawaida vya Debian, mfumo huria wa uendeshaji, zilitibiwa kwa amri moja na kuwashwa upya. Yangu ilikaa wazi siku tisa, kwa sababu wa kuikumbuka nilikuwa mimi peke yangu, na mimi nilikuwa Marangu msibani. Ukijenga mwenyewe umejiajiri kuwa mlinzi wa kitu hicho maisha yake yote. Wengi hatuna nidhamu hiyo, na afadhali tuseme hivyo. (Debian nao waliwahi kujikwaa vibaya: kati ya 2006 na 2008 badiliko moja walilolifanya wenyewe kwenye OpenSSL lilizipunguza funguo zinazowezekana hadi 32,767 kwa kila aina na ukubwa. Lakini walipogundua, dawa ilifika kwa kila mtu.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo sisikii likisemwa. Ubishi wetu unadhani kila mtu anapakua programu kutoka kwenye tovuti ya wenyewe. Nani huyo? Hapa kwetu programu inasafiri kwa flashi. Wakili anataka VeraCrypt, programu ya usimbaji fiche, afungie mafaili ya wateja wake, chalii wa dukani anachomoa flashi mfukoni, na kilichomo alikinakili kwa mwenzake wa Mianzini, aliyekinakili kwa mwingine. Bando ni hela. Na hapo ndipo wenzangu husema kuhakiki ni anasa ya watu wenye intaneti ya kumwaga.

Mimi naona kinyume chake. Anayepakua kwa wenyewe angalau ana tovuti ya kuegemea. Mwenye flashi ana saini tu. Ukishakuwa na ufunguo wa umma wa mradi, ule wa kuhakikia saini zake, na umeuthibitisha mara moja kwa alama zake 40 za utambulisho, hujali tena faili limepita mikono ya nani. Saini haiulizi njia. Nakala moja ikipakuliwa kwa bando la mtu mmoja inaweza kuhudumia mtaa mzima, mradi kila anayeipokea anahakiki kwa dakika mbili. Hiyo anasa iko wapi?

Ila hizo dakika mbili tunazitumiaje? Nilikaa na yule chalii nikamwonyesha certutil, amri ambayo imo tayari ndani ya Windows. Akapata heshi ya SHA-256, alama ya kidole ya faili inayopigwa kwa hesabu, alama 64 kwenye mstari. Akailinganisha na heshi iliyotangazwa: akaangalia nne za mwanzo, akaangalia nne za mwisho. "Zimelingana, mwalimu."

Hapo nilimshika mkono. Alama nane za namna hiyo, kila moja ikiwa tarakimu au herufi mojawapo kati ya 16, zina michanganyiko 4,294,967,296. Inasikika kama ukuta, lakini mhalifu anaweza kulichafua faili, akabandika takataka mwishoni, akaibadilisha na kupiga hesabu tena na tena mpaka ncha zote mbili zifanane. Bilioni nne kwa kompyuta ya leo si kazi ya kukesha. Alama zote 64 hakuna kompyuta duniani inayoweza kuzigushi hivyo. Tofauti ya usalama na maigizo ilikuwa zile 56 za katikati alizoziruka.

Na heshi hiyo ya kulinganishia aliitoa wapi? Ikiwa umeisoma kwenye ukurasa ule ule unaopakulia, anayeuteka ukurasa anaiteka na heshi. Februari 2016 wadukuzi waliingia tovuti ya Linux Mint, mfumo mwingine huria wa uendeshaji, wakawaelekeza watu kwenye nakala iliyochafuliwa. Ndiyo maana nasisitiza saini. GnuPG, programu ya kuhakiki saini, ikishasema saini ni njema hufuatisha onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa, na watu wanaogopa wanafunga dirisha. Onyo hilo lina maana moja: saini ni ya ufunguo huu, lakini kwamba ufunguo ni wa nani, hiyo kazi ni yako.

Kujenga, je? Kwa wakili, hapana. VeraCrypt ya Windows kwa muda mrefu ilidai Visual C++ 1.52, zana ya miaka ya 1990, kwa ajili ya sehemu ya kuwashia mashine, na ukimaliza Windows inakataa draiva yako isiyo na saini inayotambulika. Lakini mwaka 2013 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, aliijenga TrueCrypt 7.1a, mzazi wa VeraCrypt, akaonyesha kwamba alichotoka nacho kinalingana na kile kilichokuwa kinapakuliwa, ukiacha tofauti zinazoelezeka kama mihuri ya muda na saini. Mtu mmoja alihangaika, wote tukanufaika. Sielewi kwa nini kazi kama hiyo isiwe mradi wa mwaka wa mwisho pale Chuo cha Ufundi Arusha, au Nelson Mandela kule Tengeru.

Rafiki yangu wa Kilombero bado anabisha kuhusu kujenga. Lakini ukutani, juu ya chaja za simu, amebandika karatasi yenye zile alama 40 za ufunguo kwa kalamu ya wino mzito. Wateja wanamuuliza kama hiyo ndiyo nywila ya Wi-Fi.