Mongolia wamelikataa la punda afe mzigo ufike

Simulizi za mbio ndefu za farasi karibu zote huanza na mateso ya mpandaji: mapaja yaliyochubuka, bega lililovunjika farasi alipokanyaga shimo, kupotea nyikani na kulala na njaa. Pole yake. Lakini huyo alilipa maelfu ya dola ili apate tabu hiyo, na siku akichoka anasema basi, anafuatwa na gari. Farasi hakujaza fomu. Mimi ni mtoto wa Ugogoni, nimekua nikiswaga punda wa maji, kwa hiyo habari za mnyama ndizo ninazouliza kwanza.

Tuchukue Mongol Derby, inayokimbiwa Mongolia tangu 2009. Ni kilomita 1,000 kwa siku zisizozidi 10. Ukitoka Dodoma ukaenda Dar ukarudi, bado utakuwa unadaiwa. Waandaaji waliiga utaratibu wa matarishi wa Genghis Khan, mtawala wa kale wa Wamongolia, ambao walibadilisha farasi kituo hadi kituo, na hapo ndipo wameniteka. Kila baada ya kilomita 40 hivi mpandaji anashuka na kupewa farasi mwingine. Yule wa kwanza anarudi kwenye kundi lake, hapandwi tena katika mbio hizo. Mpandaji na nguo zake za kupandia hatakiwi kuzidi kilo 85, maana farasi wa kule ni wafupi, japo wakaidi kwelikweli.

Akifika kituoni, daktari wa mifugo anamwekea farasi kipimo cha kusikilizia moyo. Mapigo yakikataa kushuka hadi 56 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, mpandaji anaongezewa adhabu ya saa mbili. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kanuni ya kupamba karatasi. Mwaka 2013 Mmarekani mmoja alikuwa wa kwanza kuvuka mstari wa mwisho, mapigo ya farasi wake yakagoma kushuka, akala adhabu. Ushindi ukaenda kwa Lara Prior-Palmer, Mwingereza wa miaka 19 aliyefika nyuma yake. Kilomita 1,000, halafu kinachoamua mshindi ni kifua cha farasi!

Kanuni hiyo naipenda kwa sababu haimwombi mtu huruma. Huruma inakwisha jua likiwa kali na mwenzako yuko mbele. Inachofanya ni kuifunga tamaa ya mpandaji kwenye afya ya mnyama, kiasi kwamba mwenye uchu wa kushinda kuliko wote ndiye anayeshuka mapema na kutembea kwa miguu kuingia kituoni, ameshika hatamu, ili moyo wa farasi upoe.

Kwa hiyo wanaosema umbali ndio ukatili siwaungi mkono. Kinachoua ni kasi, na fedha zinazoifuata. Tevis Cup ya California, inayokimbiwa tangu 1955, ni kilomita 160 milimani ndani ya saa 24, karibu sawa na Dodoma hadi Kondoa, tena kwa farasi mmoja. Huko kumaliza tu ni heshima, na kuna kombe la pekee, la Haggin, ambalo hupewa farasi mwenye hali nzuri kuliko wenzake kati ya kumi wa mwanzo. Umbali kama huo ukiuhamishia kwenye jangwa tambarare la Falme za Kiarabu, farasi akawa anakimbizwa kama gari la mashindano, mambo yanabadilika. Machi 2015 shirikisho la dunia la michezo ya farasi, FEI, liliisimamisha nchi hiyo kwa sababu ya majeraha na ukiukwaji wa kanuni. Madaktari walikuwapo na vipimo vilikuwapo. Tamaa ilikuwa mbele zaidi.

Sasa tuje nyumbani. Farasi kwetu ni wa kuhesabu, na sababu ni za zamani: ndorobo na maradhi. Stanley, yule Mzungu mpelelezi, alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na farasi wawili, wote wakafa kabla hata hajaiona Ugogo. Aliyebaki na sisi ni punda. Mwaka 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, jambo jema sana. Tumemtoa kwenye kisu, lakini mzigo uko palepale.

Nenda kwenye bomba la kijiji chochote kikavu huku kwetu mwezi wa kumi. Punda amefungwa madumu manne ya lita 20, kilo 80 kabla hujahesabu kijana atakayedandia nyuma. Kamba ya nailoni imepita juu ya uti wa mgongo bila hata gunia chini yake, na ilipopita pameota kidonda chekundu chenye nzi. Finya ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili, uiachie. Ya mnyama aliyekunywa inarudi mara moja. Ya huyu inabaki imesimama kama hema, na mgongoni ana maji yanayotosha ukoo mzima.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Lakini mgambo wa kusimama kwenye kila bomba hatuna, wala sitaki aletwe. Nataka ile adhabu ya saa mbili. Kamati ya maji ikubaliane kwamba punda mwenye kidonda chini ya kamba, au ambaye hajanyweshwa, mwenye naye anarudi mwisho wa foleni. Kwa foleni za Oktoba, hiyo ni zaidi ya saa mbili.

Najua nitajibiwa kwamba mama mwenye punda ana watoto wanaosubiri maji. Ni kweli, ndiyo maana sijasema faini. Akimnywesha punda ndoo moja, akatandika gunia lililokunjwa mara mbili, na kamba isipite tena juu ya kidonda, arudishiwe nafasi yake palepale.