Kufundisha mawe na matetemeko: tununue projekta au tuwatoe watoto nje?

Kila ukizuka mjadala wa kufundisha sayansi ya dunia kwenye shule zetu hapa Tanzania, yaani miamba, volkano, matetemeko, udongo na mengine yote ambayo kwetu yamebanwa ndani ya somo la jiografia, watu wanagawanyika makundi mawili. Kuna wanaosema tatizo ni vifaa, leteni projekta na intaneti, mambo yote siku hizi yapo bure mtandaoni. Na kuna wanaosema hapana, jiwe halifundishwi ukutani, watoeni watoto wakaliguse. Nawaelewa wote, ila kuna kitu wote wanakiruka.

Tuanze na wa mtandaoni, maana hoja yao ni nzito kuliko tunavyowapa. Tovuti ya USGS, wale watu wa jiolojia wa serikali ya Marekani, inatoa data za matetemeko ya dunia nzima bure kabisa. Mwalimu mwenye simu tu anachora kiboksi kuzunguka Afrika Mashariki, anachagua miaka, anasubiri bando lifanye kazi, vinatokea vidoti. Sasa vile vidoti havijamwagwa hovyo, vingi vinashuka na mstari wa ziwa Albert, Tanganyika, Rukwa mpaka Nyasa, na vingine vinapita upande wa Natron na Manyara. Mtoto aliyekariri tu kwamba bonde la ufa lina matawi mawili, hapo anayaona yanajichora yenyewe, na hakuna basi la shule litakalompeleka akaone kitu kama hicho. Humo humo atalikuta tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, ukubwa 5.9, lililobomoa nyumba Bukoba na kuharibu vibaya majengo ya Ihungo sekondari, halafu akirudi nyuma zaidi kuna la Rukwa la Desemba 1910, ukubwa wa 7.4 hivi, moja ya makubwa kabisa kuwahi kupimwa Afrika. Wanafunzi wangapi wa form four wamewahi kulisikia? Lakini ufa wa San Andreas wa California wanaujua, upo kwenye noti za darasani.

Ila sasa angalia kitu kidogo. Kwenye data hizo hizo kuna safu ya kina cha tetemeko, na utaona namba 10 inajirudia, kilomita 10, kilomita 10, kilomita 10. Mtoto makini atauliza mbona matetemeko yetu yote yanapenda kilomita 10? Jibu ni kwamba vipimo visipotosha kujua kina halisi, wataalamu wanaweka 10 kama kina cha kukadiria. Mwalimu asiyejua hilo ataandika ubaoni kwamba tetemeko la Afrika Mashariki linatokea kilomita 10 chini na darasa zima litanakili. Data ipo bure, wa kuisoma ndiye hayupo. Na video nazo hivyo hivyo, andika volkano kwenye YouTube uone, kitakachokuja juu ni Hawaii, lava nyekundu inawaka. Wakati mlima wetu Ol Doinyo Lengai lava yake haifiki hata nyuzi 600, inatoka nyeusi inatiririka kama oili chafu, halafu baada ya muda mfupi inageuka nyeupe, na ndiyo volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Mtoto wa Arusha anamaliza shule akidhani nao unatema moto mwekundu.

Haya, wa kutoa watoto nje. Hawa nchi yenyewe inawatetea, maana tuna Oldupai, tuna nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu wa kale pale Laetoli, za miaka zaidi ya milioni 3.6, tuna kimondo cha Mbozi pale Songwe, chuma cha tani kama 16 kimelala tu, tuna zana za mawe za kale za Isimila pale Iringa. (Tendaguru ya Lindi tuiache, mifupa ya wale dinosaria Wajerumani waliichimba 1909 mpaka 1913 na mingi ipo Berlin mpaka leo.) Kuona kitu kwa macho hakuna mbadala, nakubali. Lakini tuseme ukweli kuhusu hizi tripu, gharama ya basi peke yake inachuja nusu ya darasa, wanaoenda ni ambao wazazi wana hela, na wakifika ni picha, soda, muongozaji anaongea dakika chache, jua linazama, turudi. Sijawahi kuelewa kwa nini fildi lazima iwe mbali. Shule nyingi za Mwanza zimekaa juu ya granaiti yenye miaka zaidi ya bilioni 2.5, watoto wanaanikia nguo juu yake. Shule za Tanga na Dar pwani, jiwe la matumbawe lipo kwenye kuta za majirani, ukilikwangua na msumari upate unga kidogo halafu ukamulie ndimu, linatoa povu, hiyo ni chokaa inaongea na asidi, gharama yake ndimu moja. Fanya hivyo hivyo kwa kokoto ya granaiti, kimya. Hapo umeshafundisha tofauti ya miamba miwili na kengele bado haijalia.

Kwa nini mwalimu hafanyi? Wengi wanasema uvivu, mimi nasema mtihani. Jiografia ya kidato cha nne haina pepa ya vitendo kama kemia au baiolojia, hakuna atakayempa mtoto jiwe akaulizwa ni nini hili, anaulizwa taja sifa tano. Sasa mwalimu mwenye darasa la watoto themanini na silabasi haijaisha, ukimwambia apoteze vipindi viwili nje utamwelewa akikukatalia. Madhara yake tuliyaona Katesh, mkoa wa Manyara, Desemba 3, 2023, tope lilipotoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, siku ile ile mitandaoni watu wanaandika volkano imelipuka, mpaka serikali ikabidi ieleze kuwa ni sehemu ya mlima iliyolowa mvua ikameguka. Na wengi waliokuwa wanasambaza walipita shule, walijibu swali la aina za volkano.

Kwa hiyo kati ya makundi mawili naegemea la kutoka nje, ila nje ya karibu, na simu ya mwalimu iingie kwa vile visivyofikika kwa mguu. Projekta inaweza kusubiri. Kinachokosekana kwangu ni karatasi moja tu kwa kila wilaya, imeandikwa kwa lugha ya mwalimu, inayosema hapa kwenu mwamba ni huu, umri wake huu, nenda kauone kwenye korongo fulani au machimbo fulani ya kokoto. GST, taasisi ya serikali ya jiolojia pale Dodoma, wana ramani za jiolojia, lakini mtindo wake ni wa mtu anayetafuta madini, mwalimu wa form three akizifungua anaona rangi tu. Kuzigeuza ziwe karatasi hiyo ni kazi ya wanafunzi wachache wa jiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati wa likizo, siyo mradi wa mabilioni.

Hata boksi za mawe zinawezekana, mwalimu wa Mwanza anatuma granaiti, wa Tanga matumbawe, wa Arusha mawe ya volkano, mabasi yanabeba vifurushi kila siku. Ila ukituma boksi bila kuandika kila jiwe limeokotwa wapi, umetuma kokoto.