Sanduku lako linabebwa na mgongo wa mtu

Wiki iliyopita, kambini Kolo, kijana ninayefanya naye kazi alibanwa kidole na sanduku la mgeni. Lilikuwa sanduku gumu la magurudumu manne, jipya kabisa. Alikuwa kwenye ngazi ya lori akilishusha, mpini ukachomoka, likamgandamiza kidole kwenye ukingo wa chuma. Chai haijachemka, ukucha ulishakuwa mweusi. Nikanyanyuka niende kwa mwenye mzigo, akanizuia: "Dada, usimwambie. Atakosa raha safari nzima."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Mimi ni mpishi kwenye malori ya watalii wanaolala kwenye mahema. Tunatoka Dodoma kwenda Kondoa kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, kisha Babati hadi Tarangire. Safari nyingine tunashuka kusini kwa Mtera, Iringa, mpaka Ruaha. Kila jioni mzigo unashuka, kila alfajiri unapanda. Sanduku moja la kilo 25, kwa usiku sita, linanyanyuliwa mara 12. Sasa weka wageni 16.

Mtu ataniambia lina magurudumu. Magurudumu yale ni ya sakafu ya uwanja wa ndege. Mpaka Kondoa ni lami, sawa, lakini sanduku halitembei kwenye lami. Linatoka kwenye lori kwenda hemani, kwenye mchanga na miiba ya migunga, na hapo linabebwa kichwani. Kwenye kabati la lori nako halibonyei. Begi la kitambaa unalisukuma likaingia kwenye kona, sanduku gumu linakaa peke yake kama bwana mkubwa na mabegi matatu yanakosa nafasi. Hata ndege ndogo za mbugani zinataka begi laini, na mara nyingi mwisho ni kilo 15.

Wanaoniuma zaidi ni sisi wenyewe. Nafurahi mno kuona Watanzania tunapanda haya malori, siku hizi tunaongezeka. Lakini dada anakuja na magauni tisa kwa siku saba. Kupendeza kwenye picha ni haki yake, sibishi. Ila vumbi jekundu linapita hata kwenye zipu, na siku ya pili gauni jeupe na la pinki yameshakuwa rangi moja.

Chukua suruali mbili nyepesi, fulana nne, kofia, raba zilizokwisha kuzoea mguu na ndala za bafuni. Viringisha nguo, usizikunje. Sweta nzito usiiache hata kama mchana umeungua jua: Juni na Julai upepo wa Dodoma alfajiri unaingia mifupani, na Iringa ni zaidi. Bluu iliyokolea na nyeusi ziache nyumbani, mbung'o wa Tarangire wanazifuata. Nguo za mabaka ya jeshi usithubutu, sheria hairuhusu raia kuzivaa.

Na khanga. Jozi moja, msiikate, iacheni nzima. Kwenye lori hakuna kitu kinachofanya kazi nyingi kama hicho. Asubuhi ni taulo, mchana unajifunika vumbi dirisha likiwa wazi, usiku unaitandika juu ya godoro. Nguo chafu unazifunga humo humo, maana mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Mama mmoja wa Kizota alisafiri nasi wiki nzima na begi la mgongoni na khanga mbili. Alfajiri alilileta mwenyewe mpaka kwenye ngazi, akampa kijana mkononi, akamwambia, "Pokea, mwanangu." Yule kijana alitabasamu mpaka tunafika Babati.

Tunaondoka tena Alhamisi. Kidole bado kimefungwa bandeji, naye ameng'ang'ania kuja kwa sababu akikaa nyumbani halipwi. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nyuma ya lori. Atakayekuja na sanduku gumu nitampokea kwa heshima zote, nimwombe ashike upande wa pili tulipandishe pamoja.